Nyumba Yetu ya Shikarpur Yatafuta Mchumba

Jumatatu, 9 Februari 2004

Siku kubwa. Dada Popati ameandika kwa wote. Dada Popati Talreja, mwalimu mkuu mstaafu wa Pune, ndiye msimamizi wa orodha yetu ya barua pepe, orodha ya watu wa Shikarpur waliotawanyika duniani. Tuko mia nne na kumi na wawili, wengi vikongwe. Anatuendesha kama darasa la tatu.

Ana habari mbili. Ya kwanza: msafara wa watu kumi unakwenda kwetu Sindh, ambayo sasa ni Pakistan, mwezi wa Aprili. Viza zimekubaliwa! Tisa wamepatikana, wote vijana, wajukuu wa watu. Kiti cha kumi ni cha mzee mmoja aliyezaliwa Shikarpur, awaongoze vichochoroni. Tutaandika kumbukumbu zetu, watu watasoma, kisha watamwambia Dada Popati wanataka nani awaongoze vijana. Jibu tarehe 24.

Mimi. Nani mwingine? Nilizaliwa ndani ya Lango la Lakhi. Nilitoka na miaka kumi na saba, India ilipogawanywa. Tangu hapo niko hapa Ulhasnagar, Kambi Namba Nne ya wakimbizi, ambapo karani mmoja alituambia tutakaa miezi miwili. Imekuwa miaka karibu hamsini na saba. Sitaki mengi. Nataka kukaa dakika kumi kwenye kibaraza cha nyumba yetu, mgongo ukutani, kisha warudishe mwili wangu popote wanapotaka.

Mpinzani ni mmoja tu: Lokumal Rohra wa Indore. Alihama akiwa na miaka minane! Kila anachokikumbuka alisimuliwa na mama yake. Ndiye anayedai kisima cha mtaa kilikuwa kushoto ukitoka mlangoni kwetu. Kilikuwa kulia. Nimemwandikia hivyo mara kumi na nne.

Habari ya pili: kuanzia leo kila barua iwe na lebo kwenye kichwa chake, ndani ya mabano ya mraba. [Kumbukumbu], [Ndoa], [Misiba], [Mapishi], [Siasa], [Safari]. Kila mtu atachagua lebo anazozitaka, na mashine itamchujia zilizobaki asizione kabisa. Safi sana. Mambo yenye utaratibu nayapenda.

Nimetuma kumbukumbu ya kwanza. Imerudishwa. Nilitumia mabano ya duara.

Alhamisi, 12 Februari

Barua tano nimetuma, kwa mabano sahihi. Bazaar iliyoezekwa. Mwalimu Qazi na miwani yake yenye kioo kimoja. Harufu ya vumbi likinyunyiziwa maji saa kumi alasiri. Barua ya tatu ilinitoa machozi mwenyewe.

Majibu: hakuna. Hata matusi ya Lokumal hakuna.

Nimempigia simu Dada Popati. Nimemwomba aangalie mashine. Akaangalia, akaniambia kaka Gehimal, kaa chini kwanza. Nikakaa. Watu walioacha wazi lebo ya [Kumbukumbu] ni tisa. Mmoja ni mimi. Mmoja ni Lokumal. Mmoja ni bwana wa Lagos aliyefariki Novemba.

Nikauliza hao mia nne wanasoma nini. [Ndoa], akasema, watu mia tatu tisini na saba. Kila mmoja ana mpwa hajaolewa. Inafuata [Misiba], halafu [Mapishi].

Nikasema hawa watu hawana haya, wamesahau walikotoka. Akasema hawajasahau, kaka, wamechoka tu kukumbushwa.

Sikula mchana. Sundri, mke wangu, alikula sehemu yangu bila kuuliza sababu.

Ijumaa, 13 Februari

Wazo! Kama watu wanasoma [Mapishi], basi watapikiwa mtaa wetu.

Achari ya Shikarpur ni maarufu. Nimeandika hivi: chukua maembe mabichi mia moja, toka nayo kwa mlango wa mbele, pinda kulia penye kisima, mpite fundi wa kufuli, umsalimu, panda ngazi kumi na saba hadi darini, ambako shangazi yangu alikuwa akianika maembe, na kutoka hapo utauona mji wote. Kurasa tatu. Chumvi niliisahau.

Kufikia jioni, majibu kumi na moja! Yote yanauliza chumvi kiasi gani. Mama mmoja wa Ajmer ameshakata maembe yake na amekwama penye kisima; anauliza kama kisima ni lazima au ndoo inatosha.

Na Lokumal naye! Amewaandikia wote kwa adabu inayonuka: kisima kilikuwa kushoto, na haradali ni vijiko vinne, hali ya hewa ikiwa ya unyevu ongeza kimoja. Wanawake wamemshukuru. Mmoja amemwita mzee wetu mpendwa.

Dada Popati amenionya. Mara ya kwanza, kasema, na ni ya mwisho.

Sundri amesoma begani kwangu. Amesema ameitengeneza achari hiyo miaka arobaini na tisa ndani ya nyumba hii, na angependa kuniuliza swali moja dogo: kopo la chumvi tunaliweka wapi? Lilikuwa swali la mtego.

Jumatatu, 16 Februari

Sikulala vizuri. Siku nane zimebaki. Lokumal ana haradali. Mimi nina nini?

Nina [Ndoa].

Sikudanganya hata neno moja. Naandika hapa ili nisije nikasingiziwa. Barua yangu ilianza hivi: "Kutoka ukoo mzuri wa Shikarpur, ndani ya Lango la Lakhi. Mrefu, rangi ya ngano, anatazama mashariki. Mtulivu sana. Hajawahi kumfukuza mgeni. Aliachwa bila kosa lake. Anahitaji mtu wa kwenda kumwona." Yote ni kweli. Ndiyo nyumba yetu! Katika aya ya pili nikasema wazi kuwa ni nyumba, kisha nikaendelea na mtaa, kisima (kulia), fundi wa kufuli, yote.

Fomu ya [Ndoa] haipokelewi bila namba ya simu. Nikaiweka.

Barua moja, wasomaji mia tatu tisini na saba. Nimefunga kompyuta, nikazunguka chumba mara nne. Sundri akauliza nina homa? Nikamwambia ni mafanikio.

Jumanne, 17 Februari

Hakuna anayesoma aya ya pili ya tangazo la ndoa. Wanasoma ya kwanza, halafu wanashuka mbio hadi kwenye namba ya simu. Ningejuaje?

Simu imelia mara ishirini na tatu. Na simu ikilia, mtandao haupatikani, kwa hiyo siwezi hata kuandika sahihisho.

Mama wa Ajmer, yuleyule wa ndoo, ameuliza urefu wake. Nikasema orofa tatu. Akacheka, akasema napenda familia yenye mzaha, je anakula nyama? Bwana mmoja wa Jaipur akauliza yuko wapi sasa. Nikasema yuko palepale Sindh, hajahama hata siku moja. Akashusha sauti, akauliza kama ana pasi ya kusafiria.

Mwingine alitaka nyota zake. Nikasema alijengwa mwaka 1881. Akakata simu. Huyo peke yake ndiye aliyenielewa, na alikuwa wa kwanza kuondoka.

Sundri ameanza kupokea simu kwa kusema: "Ameshaoa!" na kuweka chini.

Ijumaa, 20 Februari

Mikono yangu ni mizito kuandika haya.

Saa nne asubuhi waliingia Bwana Hotchand Ailani wa Kalyan na mkewe, bila taarifa. Watu wa heshima. Nikadhani wamekuja kwa ajili ya kumbukumbu, maana bwana huyu alikaa tu akasema, "Mzee, tueleze kwenu." Tueleze kwenu! Tangu 1947 hakuna aliyeniambia maneno hayo. Hata wanangu hawajawahi.

Nikaeleza. Saa mbili nzima. Alitikisa kichwa mahali pote panapostahili. Nilipofika kisimani nikamwuliza, kwa maoni yake, kilikuwa upande gani? Akasema bila kusita, kulia, mzee, kingekuwa wapi tena? Nusura nimkumbatie.

Nilikuwa katikati ya fundi wa kufuli. Mkewe akainuka, akaniwekea nazi mapajani. Sikusimama, nikaendelea. Akatoa kikopo cha fedha, akachukua kipande cha sukari mawe, akakileta mdomoni mwangu. Mdomo ulikuwa wazi kwa ajili ya fundi wa kufuli. Sukari ikaingia.

Hapo ndipo Sundri alipotoka jikoni na papadi za kukaanga na maji. Akaiona nazi. Akaliona shavu langu limevimba. Sahani ya papadi ikaanguka.

Kwetu jambo hilo halihitaji maelezo. Nazi mapajani, sukari mdomoni, neno limetoka. Watoto wamechumbiana. Sundri akauliza kwa sauti ndogo sana: "Samahani, dada. Kwa ajili ya nani?"

Bwana Hotchand akashangaa. Kwa mjukuu wenu, akasema, yule mrefu mtulivu. Mjukuu wetu ambaye hajaoa ni mmoja, Jatin, yuko Bangalore. Kimo chake ni futi tano na inchi tatu, na utulivu wake huonekana akiwa amelala.

Sukari ilikuwa haijaisha mdomoni. Ilinichukua muda mrefu sana kuimeza.

Jumamosi, 21 Februari

Kurudisha nazi ni tusi la vizazi vitatu. Sundri amesema ataniacha mimi kwanza kabla ya kuirudisha. Nazi iko kwenye rafu, inanitazama.

Nimempigia Jatin. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Babu, umenichumbia kwa barua pepe ya nyumba?" Nikasema si hivyo kabisa. Akasema ni hivyo hasa. Akakata simu. Baada ya saa moja akapiga tena, akauliza binti wa Bwana Hotchand anaitwa nani. Heena, nikasema. Anafanya kazi gani? Daktari wa meno. Ana picha? Tukamtumia picha. Saa kumi na moja jioni akataka namba yake ya simu, kwa ajili ya kumwomba radhi tu, alisema.

Baba yake, mwanangu Arjan, yuko Dubai. Alipoambiwa alicheka mpaka laini ikakatika.

Dada Popati ametuma onyo la pili. Nilidhani la kwanza lilikuwa la mwisho. Bado ana huruma, basi.

Jumanne, 24 Februari

Nimeshinda!

Dada Popati amepiga mwenyewe. Kura sitini na moja kwangu, saba kwa Lokumal. Amesema amehesabu mara mbili akitumaini amekosea. Ile barua ya [Ndoa], baada ya watu kuambiana, walirudi kuisoma yote. Wengine waliwasomea watoto wao. Mtu wa Manila ameandika kuwa alilia penye vumbi na maji. Kaka, akasema Dada Popati, umevunja kila kanuni niliyoweka, na umechaguliwa. Msafara unaondoka tarehe 17 Aprili, unarudi tarehe 27.

Nimeketi kitandani. Nimeshika magoti yangu, nikayaambia tunakwenda nyumbani.

Saa tisa simu ikalia. Bwana Hotchand, furaha tupu. Watoto wanaongea kila siku, eti Jatin anacheka kwenye simu! Na kuhani ameangalia kalenda. Siku njema ni Alhamisi, tarehe 22 Aprili. Ukiikosa hiyo, mpaka mwishoni mwa Novemba, na mama yake mzazi Bwana Hotchand hali yake si ya kungoja Novemba.

Nikasema hongera. Nilisema hongera, nina hakika nilisema.

Jumatano, 25 Februari

Nimejaribu yote. Nimemwuliza kuhani kama nyota haziwezi kusogezwa siku tano. Amesema yeye si karani wa reli wa kubadilisha ratiba. Nimemwuliza Dada Popati kama viza haziwezi kusogezwa. Amesema serikali mbili zimechukua miaka kukubaliana tarehe hizo na hatakuwa yeye wa kuwaambia mzee mmoja ana harusi. Nimemwuliza Jatin kama wanapendana kweli au ni adabu tu. Jibu lake sitaliandika.

Mwisho nikamwambia Sundri, polepole, kwamba harusi zina watu wengi na babu mmoja hataonekana akikosekana. Alikuwa anakunja shuka. Hakuinua macho. "Nenda," akasema. "Nenda ukakae kwenye kibaraza chako. Wageni wakiuliza, nitawaambia babu amekwenda kumwangalia yule bwana harusi wa kwanza, wa orofa tatu."

Kisha akakaa kwenye lile shuka. Akasema yeye pia alikuwa na nyumba, huko Larkana, yenye bembea uani, na hajawahi kumtumia barua mtu yeyote kuihusu, maana kulikuwa na watoto wa kulisha. Sikujua habari ya bembea. Miaka arobaini na tisa, sikujua.

Nimemwandikia Dada Popati. Lebo sahihi, mabano sahihi: [Safari] Siwezi kwenda. Kiti ni cha Lokumal.

Jumapili, 25 Aprili

Harusi imepita. Nilimfunga Jatin kilemba mwenyewe. Heena ni mrefu kumpita kwa inchi mbili, na ni mtulivu. Nilikula vizuri, nikalia mahali panaporuhusiwa kulia.

Leo imekuja barua ya Lokumal kutoka Shikarpur, kwangu peke yangu. Nyumba ipo. Orofa ya juu imeanguka. Chini wanaishi watu wanaouza vitunguu, nao walitoka upande huu mwaka uleule, kutoka Ajmer, na babu yao pia kila jioni huwasimulia nyumba yao. "Kaka," ameandika, "nimekaa kibarazani dakika kumi kwa ajili yako. Niliangalia saa. Wakaniletea chai. Babu yao akauliza natokea nyumba ipi, nikamwambia mimi si mwenyewe, mwenyewe ana harusi."

Nimesoma mara sita. Nimetoka nje nikasimama barabarani kati ya viwanda vya jinzi mpaka Sundri akaja kunishika mkono.

Kisima kimefukiwa, anasema, pana duka la simu juu yake. Upande gani hakusema. Mtu yule!

Jumatano, 28 Aprili

Jana jioni Dada Popati alipiga. Kumbe kuna msafara mwingine mwezi wa Novemba, na amenihifadhia kiti. Hakuna kura, hakuna mashindano. Na mke wangu pia anaweza kuja, msafara huu utapitia Larkana. Ninachotakiwa ni mstari mmoja kabla ya Ijumaa adhuhuri: lebo ya [Safari], jina kamili, mahali na tarehe ya kuzaliwa, na jina la Sundri. Mstari mmoja, kaka. Akanifanya nirudie maneno hayo.

Nikamwambia Sundri. Usiku alikuwa anaimba huku akiosha vyombo.

Asubuhi nimekaa kwenye kompyuta. [Safari] wanaisoma watu sitini. Sitini! Habari kama hii? Lokumal ataijuaje? Mtu wa Manila je? Mstari mmoja ukipotea, nani atakuwa shahidi? [Ndoa] nimepigwa marufuku tangu ile barua ya nyumba. Lakini [Misiba] inasomwa na watu mia tatu na tisini, nao huisoma mpaka neno la mwisho, kwa heshima.

Saa tatu na nusu nimetuma. Kichwa: "[Misiba] Gehimal Khubnani, aliyezaliwa Shikarpur, 3 Agosti 1930." Ndani, kurasa nne, ya kwanza ikianza: "Hatimaye anarudi nyumbani."

Saa nne kasorobo simu ikaanza. Sundri amepokea. Namsikia akisema, "Hapana. Hapana, bibi. Yuko hapa, anakula mkate wa koki." Ameweka chini. Imelia tena.

Saa nne na nusu, simu ilipopumua kidogo, imekuja barua ya Dada Popati kwa wote. Nzuri mno. Anasema alizungumza nami jana tu na sauti yangu ilikuwa na furaha. Anasema nilikuwa mkaidi kuliko wote na mtaa wangu ataukumbuka kama wake. Mtu wa Manila amelia tena. Lokumal ameandika mistari kumi ambayo sikuitegemea kwake, na ameomba kiti changu cha Novemba, akakae kibarazani mara ya pili, kwa niaba ya marehemu. Dada Popati amekubali. Fomu ameshaipeleka.

Sundri amesimama mlangoni, simu mkononi. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, mpaka Ijumaa kuna siku mbili nzima. Kinachotakiwa ni kuwaeleza wote kwamba niko hai. Kwa [Safari] ni watu sitini tu, haitoshi. Ile marufuku ya [Ndoa] bila shaka ilimhusu mtu aliye hai. Nimeshaanza: "Mzee wa ukoo mzuri, mtulivu, mwenye afya, bado yupo..."